Mkwe Wangu na Chapati ya Kijivu

Mimi ni Hezekiah Wambua, mwana wa Nthiwa, mwana wa Kyengo, mwana wa Mulandi wa vilima vya Mbooni. Mulandi aliongoza misafara hadi pwani na kuirudisha bila kumwacha mchukuzi hata mmoja njiani. Kyengo aliitwa kuamua kesi za mipaka hata na watu waliomchukia, maana walijua kwamba hakununuliwa hata kwa mguu wa mbuzi. Baba yangu Nthiwa alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kusoma Maandiko kwa macho yake mwenyewe. Nami kwa miaka ishirini na tisa nilikuwa mkalimani wa mahakama mjini Nairobi. Nilisimama kati ya hakimu na mshtakiwa, nikayachukua maneno ya huyu na kumpa yule, bila kuongeza wala kupunguza. Nayataja haya ili ijulikane kwamba anayeandika ni mtu aliyezoea kiapo. Ushahidi nitakaoutoa unanihusu mimi mwenyewe, na haunipendezi.

Mwaka wa 1968 nilikuwa nimekwisha kustaafu. Nilikaa katika nyumba yangu ya mtaa wa Woodley, Nairobi, pamoja na mwanangu Nthiwa, karani wa benki, na mkewe Selpher, mwalimu wa shule ya msingi. Binti yao wa kwanza alipewa jina la marehemu mke wangu, Ndunge, kama desturi yetu inavyotaka. Kwa hiyo tangu siku alipoletwa kutoka hospitalini sikumwita mtoto. Nilimwita Mwenye Nyumba, na alipoanza kusema aliliitikia jina hilo kwa heshima yake yote.

Kila siku saa kumi alasiri tuliketi barazani, mimi na Mwenye Nyumba. Mbele yangu kulikuwa na kikombe cha udongo mweupe, chai ya maziwa, na vipande viwili vya mkate. Mkate huo niliununua mwenyewe kila Jumamosi katika duka la Mgoa mmoja karibu na soko la mjini. Vijana wa leo hawajui mkate ulikuwa nini kwetu. Nilipokuwa mvulana, aliyekula mkate alikuwa mtu aliyesoma, na aliyesoma alikuwa mtu. Niliuchovya katika chai taratibu, kipande baada ya kipande. Na kikombe sikukimaliza kamwe. Baba yangu hakukimaliza chake, wala babu yangu hakukimaliza kibuyu chake, kwa kuwa mzee anayekausha chombo mbele ya mjukuu amemnyima baraka. Funda la mwisho lilikuwa la Mwenye Nyumba. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakiinua mpaka usoni pakabaki macho tu.

Sasa nimtaje mtu wa pili katika habari hii. Naliaka, mama yake Selpher, alikuwa mjane kutoka upande wa Kimilili. Alikuwa akifua na kupiga pasi kwa jamaa mmoja wa Kigujarati huko Parklands, na alikaa katika chumba kimoja nyuma ya nyumba yao. Hakuwa na cheti. Mimi nilikuwa na vyeti vitatu, vyote ukutani, vyote na vioo. Lakini mtoto alipokuwa akirudi kutoka Parklands, wiki nzima nyumba yangu ilijaa kukhu, kukhu, kukhu, ndivyo wanavyomwita bibi kwa lugha yao. Kukhu anaimba hivi. Kukhu amenishonea hiki. Nilisikia jambo likinisokota kifuani, nami nilijiambia kuwa ni kiungulia. Leo nalitaja kwa jina lake halali: ulikuwa wivu.

Ndunge alipotimiza miaka mitano alianza kudhoofika. Tumbo lilifura kama ngoma, na mikono na miguu ikawa vijiti. Alihara siku nenda siku rudi. Tulijaribu dawa za minyoo, tukajaribu maombi, na shangazi yangu alileta mizizi kutoka nyumbani. Mwishowe Selpher alimpeleka Parklands kwa Daktari Jobanputra, mtu mwembamba mwenye miwani mizito, aliyesomea ng'ambo. Daktari alimpima kwa majuma kadhaa, kisha akatuita sote.

"Utumbo wa hii mtoto hapana taka ngano," alisema. "Ngano na shayiri. Ndani yake iko kitu inaitwa gluteni, ile inafanya unga ishikane. Kwake hiyo ni kama sumu. Dawa hapana. Dawa ni kuacha. Lakini kuacha kabisa, mzee. Hata chembe."

Neno la mtu mwenye elimu mimi nalitii. Nilirudi Woodley nikatoa amri. Chapati zilikoma siku hiyo hiyo, pamoja na maandazi na biskuti. Selpher, ambaye ni mtu makini, aligundua kwamba ngano ni kama mwizi mwenye majina mengi. Mchuzi wetu wa Jumapili ulikuwa ukifanywa mzito kwa kijiko cha unga wa ngano. Soseji alizozipenda mtoto zilikuwa zimejazwa makombo ya mkate. Kile kinywaji cha bati tulichompa jioni ili apate nguvu kilitengenezwa kwa kimea cha shayiri. Tuligundua hata kwamba unga wetu wa wimbi ulisagwa katika kinu kilichotoka kusaga ngano dakika tano kabla. Tukanunua kinu cha mkono. Kibao cha kusukumia chapati nilikichoma kwa mikono yangu nyuma ya nyumba.

Mkate wangu wa saa kumi niliendelea kuula, maana tumbo langu halikuwa na kesi. Lakini niliapa kwamba mtoto hataugusa, na hakuugusa. Niliwahi kumpiga kidole alipounyoshea mkono.

Ndipo mambo yalipogeuka vibaya. Likizo ya Agosti alikwenda Parklands kwa majuma matatu, akarudi na mashavu. Alipokaa kwangu mwezi mmoja, mashavu yakaisha. Krismasi alikwenda tena, akarudi akiruka kamba. Kufikia Februari, alikuwa akiketi barazani huku amejikunja kama mzee mwenzangu.

Jioni moja baada ya chakula, Selpher aliweka mikono mapajani.

"Baba, naomba kusema."

"Sema."

"Mtoto akikaa kwa mama, gauni linambana. Akikaa hapa, gauni lile lile linamwanguka mabegani."

"Unamaanisha nyumba yangu ina sumu?"

"Sijasema hivyo, baba. Mizani ya daktari ndiyo imesema."

Nilimgeukia mwanangu, aliyekuwa akiitazama meza. "Nthiwa, ulimi wako uliuacha benki?"

"Baba," alisema polepole, "tumeonelea tungoje Pasaka. Asipoongezeka uzito hapa, atahamia kwa bibi yake. Shule ataipata huko huko."

Sikulala vizuri majuma hayo. Niliona kiti kidogo cha barazani kikiwa kitupu. Niliona Mwenye Nyumba akipelekwa kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu, kwa mwanamke anayefua, na mimi, mwana wa Nthiwa mwana wa Kyengo, nikibaki na vyeti vyangu. Na kwa kuwa wivu ni wakili hodari, ulinijengea kesi. Uliniambia: mbona mtoto mgonjwa apone kwa yule na adhoofike kwako uliyechoma kibao? Kuna hila. Labda anamlisha kitu cha kumfunga moyo. Labda anamfundisha kukataa chakula chako. Tena kulikuwa na shahidi mmoja ambaye nilimshika sana: mara nyingi mtoto alikuwa amenisimulia juu ya chapati ya kukhu.

"Chapati?" nilimwuliza siku ya kwanza aliposema.

"Ndiyo, babu. Ya kijivu. Tamu!"

Chapati! Nyumbani kwangu chapati ilikuwa imepigwa marufuku, na yule mama alikuwa akizipika kwa siri, akinunua mapenzi ya mtoto kwa ngano huku mizani ikidanganywa kwa njia nisiyoijua. Sikumwambia Selpher. Nilitaka kuukamata ushahidi kwa mkono wangu.

Jumamosi moja kabla ya Pasaka, Ndunge akiwa huko, nilivaa koti na tai, nikapanda basi hadi mjini, kisha nikaenda Parklands. Nyumba ya wale Wagujarati ilikuwa na ua mpana, na nguo zilizoanikwa zilijaa kote. Naliaka alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la makaa. Aliponiona aliruka, akavuta leso yake mabegani.

Wenye adabu wanajua kwamba mkwe haendi kwa mkwe mwenziwe bila kutuma habari. Nilikuwa nimevunja sheria kabla ya kufungua kinywa.

"Mkwe!" alisema. "Ni moto ama ni msiba?"

"Ni salama. Nimekuja kumwona Mwenye Nyumba."

"Salama ya kuvaa tai?" Alicheka, lakini macho yake yalinipima. "Karibu, basi. Kuku hajui kama umekuja, na mimi pia sikujua. Utakula chenye utapata."

Ndunge alitoka chumbani akikimbia. Alinikumbatia magoti, kisha, mbele ya macho yangu, akaniacha na kurudi kwa bibi yake kuketi ubavuni mwake. Mikononi mwa Naliaka palikuwa na donge la unga. Hakuusukuma kwa mti. Aliugonga kati ya viganja viwili, pa, pa, pa, ukawa duara, akauweka juu ya chungu tambarare cha udongo. Ulikuwa wa kijivu kama nilivyoambiwa. Ulipoiva, akaupaka samli na kumpa mtoto.

Nilisimama.

"Mama Selpher, hicho ni nini?"

"Chapati. Mama wa hii nyumba alinifundisha. Kwao kijijini ndiyo walikuwa wanakula."

"Nawe unajua alivyosema daktari."

"Najua."

"Basi!" Nilinyosha mkono nikaichukua ile chapati kutoka mkononi mwa mtoto. Nasema kweli: niliichukua kutoka mkononi mwake, akiwa amekwisha kuing'ata. Nikaifunga katika leso yangu ya mfukoni. "Twende kwa daktari sasa hivi. Wewe, mimi na mtoto. Maneno yako utayasemea huko."

Ndunge alianza kulia. Naliaka hakupaza sauti. Alimwaga maji juu ya makaa, akajifuta mikono.

"Mkwe," alisema, "wewe umefanya kazi ya korti miaka mingi mpaka ukaona kila mtu amesimama kizimbani. Twende. Lakini ile chapati ikipoa, utamnunulia mtoto ingine."

Zahanati ya Daktari Jobanputra ilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Tulipofika alikuwa akifunga. Niliiweka leso juu ya meza yake, nikaikunjua, nikasema kwa sauti ile niliyoitumia mahakamani: "Daktari, hiki ndicho anacholishwa mjukuu wangu katika nyumba anayopaswa kuponea."

Daktari alivua miwani. Akaimega chapati, akainusa, akaitia kinywani. Akatafuna. Akamega tena.

"Nani alipika hii?"

"Mimi," alisema Naliaka.

"Iko nzuri. Ya mama yangu ilikuwa ngumu kidogo." Alinitazama. "Mzee, hii ni mawele. Mawele tupu. Mimi nilikula hii tangu nilipokuwa mtoto. Gluteni hapana. Hii ndiyo inamponya."

Nilisikia Naliaka akivuta pumzi, nikamngoja acheke. Hakucheka. Angecheka, ingenipunguzia aibu.

Daktari alimweka Ndunge juu ya mizani, akaandika, akakaa. "Sasa, mzee, tuseme ukweli. Kwa huyu mama mtoto anaongezeka. Kwako anapungua. Basi iko ngano kwako. Niambie siku moja, yote, tangu asubuhi."

Nilijua jinsi ya kutoa ushahidi. Nilianza na uji wa wimbi, uliosagwa kwa kinu cha mkono. Nikaeleza chakula cha mchana, ugali na kunde, sufuria mpya na mwiko mpya. Nikaeleza jioni. Nilieleza nilivyochoma kibao. Daktari aliitikia kwa kichwa kila mara, mpaka nikamaliza.

"Na saa kumi?" Naliaka aliuliza kwa upole. "Mtoto ananiambianga ninyi mnakaa veranda saa kumi."

"Saa kumi mimi nakunywa chai na mkate. Mkate naula peke yangu. Nimeapa, na naapa tena hapa: mtoto huyu hajawahi kuugusa mkate wangu."

"Hajala kitu hapo?" daktari aliuliza.

"Hajala kitu."

Ndunge, aliyekuwa amekaa juu ya paja la bibi yake na uso uliojaa machozi makavu, aliinua kichwa. Alidhani nimesahau, akataka kunisaidia.

"Babu huniachia yangu," alisema.

"Yako nini?" daktari aliuliza.

"Chai ya mwisho. Ile yenye vitu laini chini. Mimi hukwangua kwa kidole."

Nje gari lilipita. Nilikiona kikombe changu cha udongo mweupe. Nilipaona chini yake, mahali ambapo kwa miaka mingi sikupatazama, kwa sababu pale hapakuwa pangu. Mkate unaochovywa huacha nusu yake ndani ya chai. Kila siku saa kumi, kwa mikono yangu, kwa baraka ya baba yangu na babu yangu, nilimpa mtoto kile nilichomwondolea mchana kutwa. Na kila aliporudi kutoka Parklands na mashavu, kwa sababu ya wivu, nilimwachia funda kubwa zaidi, ili ajue ni nani ampendaye.

Kiapo changu kilikuwa cha kweli neno kwa neno. Mkate hakuugusa. Nimewaona wengi wakifungwa kwa viapo vya namna hiyo, nami nikayatafsiri maneno yao bila huruma.

"Daktari," nilisema, "umesikia. Andika."

Tulirudi kwa miguu. Ndunge alitangulia, akirukaruka juu ya mistari ya njia. Tulipofika langoni, Naliaka alisimama.

"Mkwe, mchukue tu. Sasa tumejua iko wapi. Hakuna haja ya kungoja Pasaka."

Alinipa nilichokitamani kwa miezi yote ile, tena bila kunilipisha hata neno moja la kejeli. Naungama kwamba mkono wangu ulikwisha kunyoshwa kumshika mtoto. Lakini nilikumbuka makombo ya mkate niliyokuwa nayaona juu ya meza, katika kabati, katika mikunjo ya koti langu lenyewe. Nilikumbuka vilevile kwamba mara tatu, juu ya kibao, juu ya chapati na juu ya mkate, mimi ndimi niliyekuwa na uhakika, na mara tatu nilikosea.

"Hapana," nilisema. "Kyengo hakuamua kesi ya shamba lake mwenyewe. Mtoto atakaa kwako mpaka mizani iseme vingine. Nyumba yangu nitaisafisha. Nami, ukiniruhusu, nitakuja kila Jumamosi."

"Utume habari kwanza," alisema Naliaka.

"Nitatuma."

"Na tai uiache nyumbani. Inamwogopesha mpishi wa hawa watu."

Ndunge alikaa Parklands hadi mwisho wa mwaka. Kila Jumamosi nilishuka mjini, nikalipita duka la Mgoa bila kuingia, nikaendelea na safari nikiwa na kikombe kipya mfukoni, kimefungwa kwa karatasi. Naliaka alinipikia chai na chapati ya kijivu. Niligundua kwamba haichovyeki. Kwa kuwa haina kile kinachoshikanisha unga, inavunjika ikigusa chai na kuzama yote, hata mzee mwenye vyeti vitatu anabaki ameshika hewa. Mtoto alicheka mpaka akaanguka. Kisha alinyosha mikono miwili, nami nikampa kikombe, na humo chini mlikuwa na mawele tele, akayala kwa kijiko.

Baadaye alikuwa akirudisha kikombe kwa bibi yake, si kwangu. Hilo liliniuma kila Jumamosi. Linaniuma hata sasa ninapoliandika.

Leo Ndunge ana miaka kumi na sita, na ni mrefu kuliko baba yake. Naliaka tulimzika kwao mwaka juzi. Mkate haujaingia tena nyumbani kwangu Woodley. Na sababu ya kuandika haya ni Krismasi iliyopita, mlipojaa kwangu ninyi wajukuu wote. Nilikuwa nimekaa pembeni, mkadhani nimesinzia. Nilimsikia mmoja wenu akimwita Ndunge Bibi Mawele kwa sababu aliuliza mchuzi umekolezwa kwa kitu gani. Nilimwona mwingine akimchotea mchuzi ule kwa siri, eti aone kama kweli ataugua; sikujua wakati huo kwamba ulikolezwa kwa unga wa ngano mliokuja nao. Aliugua siku nne. Nanyi mlirudi makwenu mkasema ni baridi.

Jina la mkosaji ninalo, na nitalitaja mbele ya baba yake asipojitaja mwenyewe. Wengine wote, sikieni. Ndunge akiuliza kilichomo katika chungu, mpishi atajibu, na atajibu ukweli, hata kama ni mbele ya wageni. Mwiko uliogusa ngano hautagusa chakula chake. Wala asije mtu kuniambia ilikuwa chembe tu, au ilikuwa kwa upendo. Mimi nilimlisha kwa upendo mwaka mzima, saa kumi kamili, nikakaribia kumwua. Mkija tena nyumbani kwangu, kabla ya kumpa kikombe, tazameni chini yake.